Taifa Tajiri Lisilo na Arobaini

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu akiwa ndani ya gari lake, kwenye maegesho ya nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, mjini Columbus, jimbo la Ohio. Huku kwetu kulikuwa kunapambazuka. Kwake zamu ya usiku ilikuwa karibu kuanza. Katikati ya maneno yake nilisikia mlio mdogo wa mashine, ukivuta na kuachia, ukivuta na kuachia, nikamwuliza ni kitu gani. Alikuwa anakamua maziwa ya mtoto kabla ya kuingia ndani, kwa sababu asingepata nafasi hiyo tena mpaka saa ya mapumziko.

"Kaka, nimerudi kazini," alisema. "Usimwambie mama."

Mtoto alikuwa na wiki tatu.

Mama yake anaishi Tanga, na kwa hesabu zake mwanawe alikuwa bado yuko ndani, anakunywa uji wa pilipili manga na kusubiri arobaini. Aliomba viza ili aende kumhudumia, akanyimwa. Ikabidi amwelekeze kwa simu ya video namna ya kujikanda maji ya moto mwenyewe, jambo ambalo mama mdogo alilifanya huku akiona aibu, maana kukandwa ni kazi ya mikono ya mtu mwingine, na mzazi anayejikanda ni mzazi asiye na watu.

Wiki kadhaa zimepita na suala hili halijaniondoka kichwani. Mzazi kurudi kazini mapema si ajabu kwangu. Wako wanawake wengi hapa kwetu wanaorudi gengeni kitovu cha mtoto hakijadondoka. Kilichonisumbua ni mahali lilipotokea.

Sheria iliyofuatwa

Nilianza kwa kutafuta sheria ambayo mwajiri wake alikuwa ameivunja. Sikuipata, kwa sababu haipo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1993, ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini wiki chache tu baada ya kuingia Ikulu, inampa mfanyakazi wiki 12 za likizo ya kifamilia bila malipo na kumlinda asipoteze kazi yake katika kipindi hicho. Inamhusu aliyeajiriwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, naye awe ametimiza mwaka mzima kwa mwajiri huyo. Mdogo wangu alikuwa na miezi minane. Zile wiki tatu zilitokana na siku za likizo alizokuwa amejiwekea moja moja, pamoja na nyingine ambazo msimamizi wake alimwonea huruma akamruhusu bila mshahara.

Hata angetimiza mwaka, asingelipwa.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, kwa sheria ya mwaka 2007. Siandiki haya ili tujipige kifua. Sheria hizo zinamfikia mwenye ajira rasmi, na wengi wetu hatuna. Mama lishe wa Kariakoo akijifungua hana ofisi ya kumpelekea barua. Tena utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba nchini kwetu wanawake 104 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000, na hilo ni anguko kubwa zuri kutoka tulikokuwa. Hatuna cha kumcheka mtu.

Lakini ukiziweka pamoja nchi tajiri za dunia, Marekani ndiyo pekee isiyo na likizo ya uzazi yenye malipo iliyowekwa kwa taifa zima. Majimbo kadhaa yamejiwekea yake, yakitanguliwa na California. Ohio haimo.

Nilikuwa natafuta mwajiri mbaya. Sasa nilikuwa na nchi nzima mkononi, na sikujua niishike vipi.

Nchi na rika lake

Sisi tumezoea kuitazama Marekani kutoka chini. Mtu akishinda bahati nasibu ya grini kadi mtaa mzima unajua, na baada ya muda fedha zinaanza kuingia kwenye simu za ndugu zake. Anachopata mdogo wangu kwa wiki mbili kinazidi mshahara wa miezi miwili wa mwalimu anayeanza kazi huku. Mlinganisho unaotujia ni kati ya kule na hapa, na katika mlinganisho huo kule kunashinda kabla hatujaanza kuhesabu.

Ukiipima Marekani na rika lake, yaani Japani, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, Uingereza na nchi za Skandinavia, picha inageuka kwa namna ambayo hata mimi ninayefuatilia habari sikuitarajia. Mwaka 2023 wastani wa umri wa kuishi nchini Marekani ulikuwa miaka 78.4. Japani ni karibu miaka 84, na nchi nyingi za Ulaya Magharibi zimevuka 81. Na hii ndiyo nchi inayotumia fedha nyingi kuliko zote kwa matibabu: karibu asilimia 17.6 ya pato lake lote mwaka huo, wakati wenzake wengi wako kati ya 10 na 12. Vifo vya uzazi mwaka 2023 vilikuwa 18.6 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali Japani na nchi kadhaa za Ulaya ziko chini ya 5. Kwa wanawake weusi wa Marekani kiwango kilikuwa 50.3. Katika kundi hilo wamo pia dada zetu, kwa sababu fomu ya hospitali haiulizi kama ulizaliwa Mississippi au Muheza.

Nitakaa kidogo kwenye uhalifu, kwa kuwa ndio unaotufikia zaidi kupitia sinema.

Mtu anaweza kudhani Wamarekani ni watu wa shari kuliko Wazungu wa Ulaya. Tafiti zinazowauliza raia wa nchi mbalimbali kama wameibiwa au kupigwa hazionyeshi hivyo: wizi, uvunjaji wa nyumba na ugomvi wa kawaida nchini Marekani havipishani sana na vya Ulaya Magharibi. Kinachopishana ni mwisho wa ugomvi. Kiwango cha mauaji nchini Marekani ni mara kadhaa ya kile cha Ulaya Magharibi, na Japani hakifikii hata mtu mmoja kwa kila watu 100,000. Makadirio ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa raia wa Marekani wanamiliki silaha za moto zipatazo milioni 393, nyingi kuliko idadi ya watu wenyewe. Ugomvi wa walevi wawili mjini Lyon huishia kwa jino kung'oka. Ugomvi huo huo mjini Memphis una silaha karibu. Vilevile huzuni. Zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na bunduki nchini Marekani ni vya watu waliojiua, jambo ambalo sinema hazituonyeshi kabisa. Na tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19 nchini humo, kuliko ajali za magari, kuliko saratani.

Australia walipopata msiba wa Port Arthur mwaka 1996, watu 35 wakauawa, serikali ya kihafidhina ya John Howard ilikubaliana na majimbo ndani ya wiki mbili kubadilisha sheria, kisha ikanunua kutoka kwa raia silaha zipatazo 650,000. Naitaja kwa sababu nchi hiyo nayo ni ya walowezi, wafugaji na mbuga zisizo na mwisho. Hoja ya kwamba bunduki ni sehemu ya nafsi ya nchi ya namna hiyo ilikuwapo kule pia, na ilishindwa.

Pengo lilifunguka lini?

Swali hili ndilo lililobadilisha namna ninavyolitazama jambo zima. Kama Marekani ingekuwa hivi tangu mwanzo, ningekubali kwamba ni tabia ya nchi, kama vile kuna nchi za chai na nchi za kahawa, na ningeliacha hapo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo.

Mwaka 1980 wastani wa umri wa kuishi wa Mmarekani ulikuwa karibu sana na wa wenzake matajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hata magereza yake hayakuwa kioja: kiwango cha wafungwa kilizidi cha Ulaya, lakini si kwa kiasi cha kumshangaza mtu. Kisha sheria za adhabu zikakazwa, majimbo na bunge la shirikisho wakishindana kuongeza miaka ya vifungo, hasa vya dawa za kulevya, na kufikia mwaka 2008 watu zaidi ya milioni 2.3 walikuwa nyuma ya nondo. Idadi imeshuka tangu wakati huo, lakini bado ni zaidi ya watu 500 kwa kila 100,000. Ujerumani ni karibu 70. Japani haifiki 40.

Mwaka 2013 jopo la wataalamu lililoundwa na taasisi kuu za kisayansi za Marekani lilitoa ripoti iliyoilinganisha nchi yao na nchi nyingine 16 tajiri. Nilidhani ripoti ile ingesema kwamba maskini wanaivuta nchi chini na wengine wako salama. Ilisema jambo zito zaidi. Hata Mmarekani mweupe, msomi, mwenye bima na kipato kizuri, alionekana kuwa na afya dhaifu kuliko mtu wa hali kama yake katika nchi nyingine. Mabarabara yaliyojengwa kwa ajili ya magari tu, chakula, bunduki, dawa: mambo hayo hayaulizi hati ya benki.

Ndani ya ripoti ile kulikuwa na mstari mmoja niliousoma mara mbili. Mmarekani akishafika miaka 75, anaweza kutarajia kuishi zaidi ya mzee wa umri wake katika nchi hizo nyingine.

Kwa hiyo madaktari wanajua kazi yao na mashine zipo. Yupo pia mlipaji, kwa sababu tangu mwaka 1965, alipotia saini Rais Lyndon Johnson, karibu kila Mmarekani anayetimiza miaka 65 huwa na bima ya serikali iitwayo Medicare. Siwezi kudai kwamba bima hiyo peke yake ndiyo inayoeleza umri wa wazee hao. Waliofika 75 ni wale ambao mitego ya ujanani iliwakosa, na watu wa namna hiyo huwa imara. Lakini ni vigumu kutoona kwamba nchi hii, inapoamua kwamba kundi fulani la raia wake litahudumiwa bila kuulizwa limeajiriwa na nani, hufanya vizuri.

Mashaka

Nilijiwekea sharti la kutafuta hoja zinazonipinga, na nilizipata za kutosha.

Ya kwanza ni vipimo. Kuanzia mwaka 2003 majimbo ya Marekani yaliongeza, moja baada ya jingine, kisanduku katika cheti cha kifo kinachouliza kama marehemu alikuwa mjamzito au alijifungua karibuni. Kisanduku hicho kiliongeza hesabu ya vifo vya uzazi, kwa sehemu kwa sababu kilijazwa kimakosa, na watafiti wengine wanaona ongezeko lililotangazwa kwa miaka mingi lilikuwa la karatasi kuliko la wodini. Nakubali. Hata hivyo pengo kati ya mama mweusi na mama mweupe linabaki katika kila namna ya kuhesabu, na hakuna anayesema kwamba ukirekebisha kisanduku Marekani itakuwa Norway.

Kwa wasio na makazi ni hivyo hivyo. Hesabu ya Januari 2024 iliwapata watu 771,480 nchini Marekani, na Japani mwaka huo huo ilitangaza wasiofika 3,000. Ukisoma vizuri utaona kwamba Marekani inawahesabu pia waliolala katika hifadhi za muda, wakati Japani inawahesabu wanaoishi bustanini, kingo za mito na stesheni. Tofauti bado ni kubwa, lakini mtu akikuwekea namba hizo mbili pamoja bila maelezo, usimshukuru.

Hoja ya pili ilinipa shida zaidi. Kila nchi tajiri niliyoichungulia nilikuta ina kidonda chake. Korea Kusini, ambayo siku hizi tunaijua kwa tamthilia, ndiyo inayoongoza kwa watu kujiua miongoni mwa nchi tajiri, na karibu wazee 4 kati ya 10 ni maskini kwa kipimo cha nchi yao wenyewe; unaweza kuwaona Seoul wakisukuma mikokoteni ya maboksi. Japani polisi walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliofariki peke yao nyumbani mwaka 2024, wengi wao wazee. Uskoti ilipoteza watu 1,172 kwa dawa za kulevya mwaka 2023, kiwango kinachoishinda Ulaya yote. Uswidi, ambayo wengi huitaja kama pepo, imeingia katika vita vya magenge ya vijana wenye bastola. Ufaransa iliwaka moto Juni 2023 baada ya polisi kumpiga risasi kijana wa miaka 17 huko Nanterre, na waliokuwa wakivijua vitongoji vile hawakushangaa.

Kwa siku kadhaa nilikuwa karibu kuliacha jambo hili, nikijiambia kwamba utajiri una magonjwa yake na kila mtu na lake.

Kilichonirudisha ni kuona kwamba kidonda cha kila nchi kati ya hizo ni kimoja au viwili. Korea inaua watu wake kwa upweke na masomo, lakini haiwaui kwa risasi, na mjamzito wake anatibiwa. Uskoti ina heroini, lakini hakuna Mskoti anayekataa gari la wagonjwa kwa kuogopa bili. Marekani ina vyote kwa pamoja: bunduki, dawa za kulevya, magereza, vifo vya uzazi, vifo vya barabarani, umaskini wa watoto. Mwaka 2022 watu karibu 108,000 walikufa kwa kuzidisha dawa. Anne Case na Angus Deaton, wanauchumi wawili wa Princeton, walionyesha mwaka 2015 kwamba vifo vya Wamarekani weupe wa umri wa kati vilikuwa vimeacha kupungua, wakati katika nchi nyingine tajiri vinashuka. Na waliofikwa zaidi ni wale wasio na shahada, watu ambao kazi ya kiwandani ilikuwa imewapa mshahara, pamoja na bima na heshima, kisha ikaondoka na vyote.

Vyote vilitundikwa kwenye ajira

Hapo kwenye kazi ya kiwandani ndipo nilipoanza kuelewa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi wakaanza kuwavuta kwa bima ya afya badala ya nyongeza, na mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima hiyo hautakatwa kodi. Rais Harry Truman alipendekeza bima ya taifa mwaka 1945. Chama cha madaktari na wahafidhina bungeni wakaizima. Waingereza, nchi yao ikiwa magofu na mkate ukiwa bado kwenye mgawo, walianzisha huduma yao ya afya kwa wote mwaka 1948. Anayedhani kwamba mambo haya husubiri nchi itajirike kwanza aitazame London ya mwaka ule.

Basi Marekani ikajikuta imetundika bima kwenye ajira, na likizo kwenye ajira, na sehemu kubwa ya pensheni kwenye ajira, kama mtu aliyeanika nguo zote za nyumba kwenye kamba moja. Kamba ilipokuwa imara, miaka ya viwanda vya magari vya General Motors na vyama vya wafanyakazi, hakuna aliyeona tatizo. Sasa kazi zenyewe ni za kampuni za wakala, za zamu zisizo na uhakika, za kubadilisha mwajiri kila mwaka. Sheria ya Rais Barack Obama ya mwaka 2010 ilipunguza sana idadi ya wasio na bima, lakini mwaka 2023 bado walikuwa karibu milioni 26, na wenye bima nao hujikuta wakilipa maelfu ya dola kabla bima haijaanza kufanya kazi.

Hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kenya imeacha mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, na tangu Oktoba 2024 inakata asilimia 2.75 ya kipato kwa mfumo mpya. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sisi ambao wengi wetu hatuna mwajiri hatuwezi kuiga kamba ile hata tukitaka.

Miezi sita ya mwaka 2021

Machi 2021, katikati ya janga la UVIKO-19, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya uokoaji wa uchumi. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha punguzo la kodi kwa wenye watoto. Punguzo hilo lilikuwapo zamani, dola 2,000 kwa mtoto kwa mwaka, ila lilikuwa na kasoro ya ajabu: familia yenye kipato kidogo mno kiasi cha kutodaiwa kodi ilipata sehemu tu, au haikupata kitu. Maskini zaidi ndiye aliyepungukiwa zaidi. Sheria mpya iliongeza kiasi, ikaondoa sharti la kipato, na kuanzia Julai hadi Desemba fedha zikawa zinaingia kwenye akaunti kila mwezi: dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, dola 250 kwa mkubwa wake.

Kwa kipimo cha umaskini kinachojumlisha misaada ya serikali, watoto maskini walikuwa asilimia 9.7 mwaka 2020. Mwaka 2021 wakawa asilimia 5.2, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Kipengele kilikuwa cha mwaka mmoja. Kukiendeleza kulihitaji kura zote 50 za chama cha Democratic katika Seneti, na Desemba 2021 Seneta Joe Manchin wa West Virginia alitangaza kwamba yeye haungi mkono muswada uliokibeba. Jimbo lake ni miongoni mwa maskini kabisa, na kwa miaka mingi limeongoza kwa kiwango cha vifo vya dawa za kulevya.

Mwaka 2022 watoto maskini walikuwa asilimia 12.4.

Watoto wapatao milioni 5 waliangukia chini ya mstari wa umaskini ndani ya mwaka mmoja, muda ambao mtoto hajamaliza chekechea. Waliopinga walikuwa na hoja zao: gharama ilizidi dola bilioni 100 kwa mwaka, na walihofia kwamba wazazi wangeacha kazi. Hoja ya gharama ni ya kweli. Lakini Kanada, jirani wa ukuta mmoja, ilianzisha malipo ya kila mwezi ya namna hiyo mwaka 2016, umaskini wa watoto ukashuka, na malipo yanaendelea hadi leo huku wazazi wa Kanada wakienda kazini kama kawaida.

Baada ya kusoma habari za miezi ile sita sikuweza tena kukubali maelezo ya kwamba Marekani ni kubwa mno, au ina watu wa asili nyingi mno, au ina utamaduni wa kujitegemea usiobadilika. Ukubwa wake ulikuwa ule ule Juni na Julai.

Mto mmoja, sheria mbili

Anayeshikilia hoja ya ukubwa bado anaweza kuitazama nchi hiyo kwa ndani. Mwaka 2021 mtu wa Hawaii alitarajiwa kuishi miaka 79.9, na mtu wa Mississippi miaka 70.9. Ni bendera moja, katiba moja na dola moja, na pato la kila mtu huko Mississippi linakaribiana na la nchi kubwa za Ulaya Magharibi. Hawaii ina mambo mengi yanayoisaidia, hali ya hewa ikiwamo, na sitaki kuyapuuza. Lakini pia tangu mwaka 1974 ina sheria inayomlazimu mwajiri kumkatia bima mfanyakazi anayefika saa 20 kwa wiki.

Mfano ninaourudia zaidi nikibishana na marafiki ni wa miji miwili iliyotenganishwa na Mto Red: Fargo, upande wa North Dakota, na Moorhead, upande wa Minnesota. Watu wanalala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, na kati yao wako wakimbizi wa Kongo, ambao Kiswahili chao unaweza kukisikia kwenye maduka ya huko. North Dakota haina likizo ya uzazi yenye malipo kwa wafanyakazi wote. Minnesota ilipitisha yake mwaka 2023, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 2026: wiki 12 za kulea mtoto mchanga kwa sehemu ya mshahara, na nyingine za mama kupona, jumla isizidi 20. Haijalishi mwajiri ana wafanyakazi wangapi, na ili kulipwa si lazima mzazi awe ametimiza mwaka kwa mwajiri huyo. Mfuko wenyewe unaendeshwa kwa makato ya asilimia 0.88 ya mshahara, na angalau nusu ya makato hayo hulipwa na mwajiri.